Kuchagua Waya wa Umeme kwa Nyumba ya Magurudumu

Eldoret ni mji uliozoea magurudumu tangu mwanzo wake. Mwaka 1908 Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini walipanda nyanda za Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na maksai, na wakati wa safari magari hayo ndiyo yaliyokuwa nyumba zao. Reli ilifika mwaka 1924. Barabara kuu iendayo Malaba na Uganda yapita huko hata leo, na tarehe 15 Agosti 2024 mji huo ulipewa hadhi ya jiji. Basi si ajabu kwamba watu wengi wa huko hutafuta riziki yao juu ya magurudumu. Mmoja ana trela ya kuuzia chipsi na chai, mwingine amegeuza trela kuwa duka la kinyozi, na mwingine hupeleka yake katika maonyesho ya kilimo, akalala ndani siku zote za maonyesho. Pia wako wageni wasafirio na nyumba za magurudumu, yaani karavani, ambao huomba nafasi ya kulala katika kambi au katika kiwanja cha mwenyeji.

Watu hao wote wana haja moja. Magari ya maksai yaliangazwa kwa mshumaa na taa ya mafuta, lakini trela ya siku hizi yataka umeme, ambao wengi wetu twauita stima. Umeme huo hutoka mahali pengine: duka la jirani, kituo cha petroli, au nyumba ya mwenye kiwanja. Huletwa kwa waya mrefu uliolazwa juu ya majani, na waya huo twauita ekstensheni. Mtu aweza kutumia fedha nyingi kununua trela na kuipaka rangi nzuri, kisha akachukua ekstensheni ya kwanza aionayo dukani kwa kuwa ni rahisi. Lakini waya huo ndio uamuao kama trela itakuwa mahali pa kazi au mahali pa msiba. Yafaa tujifunze namna ya kuuchagua.

Jambo la kwanza ni kujua mzigo. Kama vile mchukuzi asivyokubali gunia kabla ya kulipima kwa mkono, vivyo hivyo waya usipewe kazi kabla ya kuhesabiwa. Kila chombo cha umeme kina kibandiko, na juu ya kibandiko hicho imeandikwa hesabu ya wati. Katika Kenya umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Chukua hesabu ya wati, uigawe kwa 240, nawe utapata ampea, yaani wingi wa umeme utakaopita katika waya.

Na tutazame trela ya chipsi. Mashine ya kukaangia ni wati 2,500. Birika la umeme ni wati 2,000. Friji ndogo ni wati 150, taa tatu ni wati 30, na simu tano za wateja zinazotiwa chaji ni wati 50. Jumla ni wati 4,730. Gawa kwa 240, wapata karibu ampea 20. Lakini plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba imetengenezwa kwa ampea 13 tu. Mwenye trela akiwasha vyombo vyote pamoja amekwisha kupita mpaka. Akizima birika wakati wa kukaanga, jumla yashuka mpaka wati 2,730, nayo ni kidogo juu ya ampea 11, mzigo ambao waya mzuri waweza kuuchukua. Mara nyingi dawa ya mzigo mkubwa si kununua kitu kipya, bali ni kupanga kazi kwa zamu.

Huenda msomaji akasema, “Fyuzi iko ndani ya plagi, mzigo ukizidi, fyuzi itakatika.” Maneno hayo ni kweli nusu. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki palepale umeme ufikapo 14. Yaweza kuchukua ampea 20 kwa muda mrefu, robo ya saa na zaidi, na wakati huo wote waya mwembamba waendelea kupata moto. Yafaa kujua pia kwamba fyuzi imewekwa kuulinda waya, si kumlinda mtu wala chombo. Ukiwa na waya mwembamba wa ampea 6, fyuzi yake yapasa kuwa ya ampea 5. Ukiutia fyuzi ya 13 umemwondoa mlinzi mlangoni. Wako na wale ambao fyuzi ikikatika huifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Hao wameuondoa mlango wenyewe.

Sasa tuje kwenye unene. Maduka mengi ya jiji hutundika ekstensheni nje ya mlango, nyeupe na nyeusi na za rangi ya chungwa, na mnunuzi huzichagua kwa unene wa ganda la nje. Hilo ni kosa, kwa sababu umeme haupiti katika ganda. Hupita katika nyuzi za shaba zilizo ndani, na ganda nene laweza kuficha shaba kidogo sana, kama mhindi wenye maganda mengi na punje haba. Unene wa shaba hupimwa kwa milimita za mraba, na katika waya mzuri hesabu hiyo hupigwa chapa juu ya ganda lenyewe. Soma chapa hiyo kabla ya kuuliza bei. Waya wa 0.75 ni wa ampea 6, nao wafaa taa na redio. Wa 1.0 ni wa ampea 10. Wa 1.25 huweza kuchukua ampea 13 kamili, na wa 1.5 huzidi kidogo. Kwa trela ya kazi, ambayo waya wake hulala nje na kuwa mrefu, sisi twashauri mtu asichukue pungufu ya 1.5, na akiweza achukue wa 2.5.

Kwa nini urefu uwe na neno? Kwa sababu waya wowote, hata wa shaba safi, huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huongezeka kwa kila hatua. Umeme hauendi tu, bali hurudi pia. Ekstensheni ya mita 30 ni safari ya mita 60. Mtu akipitisha ampea 13 katika waya wa 0.75 wenye urefu huo, volti 20 hivi hupotea njiani, na trela yapata volti 220 badala ya 240. Volti zilizopotea zimegeuka kuwa joto ndani ya waya, kama wati 260. Kwa waya wa 2.5 hasara yashuka mpaka volti 6 na joto la wati 80 hivi, tena limetawanyika katika urefu wote. Katika vijiji vilivyo mbali na transfoma umeme hufika nyumbani ukiwa tayari umepungua nguvu, na waya mwembamba huumaliza kabisa. Mashine ya friji ikikosa nguvu ya kuanza hunguruma bila kuzunguka, hupata moto, na mwishowe huungua. Kisha mwenyewe humlaumu aliyemuuzia friji.

Joto hilo la wati 260 laweza kutoka salama waya ukilazwa wazi juu ya majani. Lakini ekstensheni nyingi huuzwa zikiwa zimezungushwa juu ya kigurudumu, na watu huvuta mita tano tu wanazozihitaji, wakaacha 25 zimesongamana. Hapo joto lote halina pa kutokea. Ni joto la kuzidi taa nne za zamani za wati 60 zikiwaka ndani ya furushi moja. Ganda la plastiki hulainika, nyaya hugusana, moto huanza. Tazama ubavu wa kigurudumu kizuri, utaona hesabu mbili zimeandikwa, mathalan wati 720 ukiwa umekunjwa na wati 3,120 ukiwa umekunjuliwa wote. Kazi ya ampea 13 imekuwa ya ampea 3 kwa sababu ya kukunjwa tu. Kwa hiyo kunjua waya wote, hata kama trela iko hatua chache kutoka ukutani, na usiulundike chini ya zulia wala chini ya godoro.

Hayo yote ni habari za moto. Habari ya mtu kupigwa na umeme ni nyingine, na katika nyumba ya magurudumu ni nzito kuliko katika nyumba ya kawaida. Twaomba msomaji aisome sehemu hii polepole.

Ndani ya ekstensheni kamili mna nyaya tatu. Mmoja ni waya wa moto, uletao umeme. Rangi yake ni hudhurungi. Wa pili ni wa kurudishia, rangi yake buluu. Wa tatu ni waya wa ardhi, wenye rangi mbili, kijani na manjano. Katika nyumba zilizowekwa umeme zamani utakuta rangi nyingine: nyekundu ni wa moto, nyeusi ni wa kurudishia, na kijani ni wa ardhi. Waya wa ardhi hauna kazi siku zote mambo yakiwa sawa. Taa itawaka bila ya huo, na birika litachemka bila ya huo, na ndiyo sababu watu huudharau. Kazi yake huja siku ya hatari tu. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati la chombo, umeme hupata njia fupi ya kwenda ardhini kwa waya huo wa tatu, hupita kwa wingi mara moja, na fyuzi hukatika. Bati halibaki na umeme.

Sasa fikiri habari ya trela. Mwili wake ni wa bati na chuma, nao umesimama juu ya magurudumu ya mpira. Mpira haupitishi umeme. Waya wa ardhi ukikosekana, na waya wa moto ukagusa ukuta wa trela, hakuna kitakachotokea. Fyuzi haitakatika. Taa zitaendelea kuwaka, mafuta yataendelea kuchemka, na muuzaji aliye ndani, ambaye miguu yake yakanyaga sakafu ileile yenye umeme, huenda asihisi neno. Trela nzima imekuwa waya wa moto, imetulia, inangoja. Kisha aja mtoto wa shule kununua chipsi za jioni, amevaa kandambili zilizolowa, amesimama juu ya matope, akashika ukingo wa dirisha la bati. Umeme wote uliokuwa ukitafuta ardhi waiona njia kwa mkono wake na miguu yake.

Ni umeme kiasi gani? Mwili wa mtu aliyelowa huzuia umeme kidogo tu. Kwa makadirio ya kawaida volti 240 zaweza kupitisha kama ampea 0.12 katika mwili. Kwa fyuzi ya ampea 13 hicho si kitu, haitajua hata kidogo kwamba mtu anakufa. Kwa moyo wa mwanadamu ni zaidi ya kutosha kuuvuruga mapigo yake.

Kwa hiyo ekstensheni yenye nyaya mbili tu isitumiwe kwa trela kamwe, hata kwa taa moja. Na hapa pana udanganyifu ambao twapenda kuufichua. Zauzwa ekstensheni zenye plagi ya miguu mitatu na soketi za matundu matatu, lakini ndani ya ganda mna nyaya mbili. Mguu wa tatu ni pambo. Mnunuzi akitazama nje hawezi kujua. Ikiwa plagi ni ya kufunguliwa kwa bisibisi, mwombe muuzaji aifungue mbele yako, uhesabu nyaya, na uone kwamba ule wa kijani na manjano umekazwa barabara kwenye mguu mrefu wa juu. Ikiwa plagi imeyeyushwa pamoja na waya na haifunguki, fundi mwenye mita aweza kupima kama mguu wa ardhi unafika mpaka mwisho wa pili. Kazi hiyo haimalizi dakika moja. Ile bisibisi ya taa tuiitayo testa haitoshi. Yaonyesha mahali penye waya wa moto tu, haikuambii kama waya wa ardhi upo.

Kuna mazoea mengine ambayo yameenea mno, nayo ni kuchomeka kalamu au kijiti katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu la juu ni la ardhi. Mguu wake umefanywa mrefu kuliko mingine makusudi, uingie kwanza na kuyafungua malango madogo yanayoyaziba matundu ya moto. Mwenye kijiti ameyafungua malango bila kuleta ardhi. Adapta ya kufaa hupatikana kwa bei ndogo.

Hata ekstensheni yenye nyaya tatu haina faida ikiwa soketi ya ukutani yenyewe haina ardhi. Kabla ya kukubaliana kodi ya mahali pa kuegesha trela, muulize mwenye nyumba kama fundi amepima ardhi ya nyumba hiyo, na kama katika sanduku la umeme mna ile swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Swichi hiyo hulinganisha umeme uendao na ule urudio. Ikiona tofauti ya milia-ampea 30, yaani ampea 0.03, hujua kwamba umeme mwingine unapita mahali pasipostahili, labda katika mwili wa mtu, nayo hukata kwa muda ulio chini ya nusu sekunde. Ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze mara kwa mara. Ikikataa kukata, ibadilishwe. Nyumba ikiwa haina swichi hiyo, kuna aina ndogo zilizojengwa ndani ya plagi, au yaweza kutiwa katika sanduku dogo mwanzo wa waya. Kama fedha za mwenye trela zatosha kitu kimoja tu zaidi ya waya mzuri, sisi twamshauri anunue hiyo kabla ya kupaka rangi mpya. Lakini isimfanye aache waya wa ardhi. Hivyo viwili husaidiana.

Tuseme sasa habari ya kununua. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, hutoa alama kwa bidhaa zilizopimwa, na mnunuzi aweza kuihakiki nambari ya alama hiyo kwa kutuma ujumbe wa simu kwenda 20023. Kibandiko chaweza kughushiwa, lakini nambari ya uwongo haipati jibu la kweli. Fanya hivyo ungali dukani. Hila nyingine ni ya shaba yenyewe. Nyaya fulani ni za alumini iliyopakwa shaba juu kama fedha ya bandia iliyochovywa. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa kila siku. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Uzito nao ni shahidi, kwa kuwa shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Kigurudumu cha mita 30 kinachoinuliwa kwa kidole kimoja chafaa kutiliwa shaka.

Ganda la nje lapasa kuwa la mpira au la plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi ya nje. Jua la nyanda za juu ni kali ingawa hewa ni baridi, na ganda la kawaida la nyumbani hukakamaa na kupasuka. Mvua za Uasin Gishu huanza Machi na huendelea kwa miezi mingi. Mwenye trela hawezi kusema atangoja kiangazi. Soketi yenye matundu wazi isilazwe chini. Itundikwe au iwekwe juu ya kijukwaa ndani ya sanduku lenye kifuniko, na waya uachwe uning'inie kidogo kabla ya kuingia sandukuni, ili maji yanayoteremka juu yake yadondoke chini yasiingie ndani. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi si kifuniko, hukusanya maji.

Wenzetu wa Uingereza, ambako karavani ni nyingi sana, wamekwisha kufikia kanuni moja kwa kambi zote. Hutumia waya wa nyaya tatu wa 2.5, wenye urefu wa mita 25 na rangi ya chungwa ili uonekane majanini, na plagi yake ni ya buluu ya duara, ya ampea 16, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Plagi hizo za buluu hupatikana hata hapa katika maduka ya vifaa vya viwanda, na fundi aweza kuzifunga katika trela badala ya kupitisha waya dirishani. Waya upitao dirishani hubanwa kila dirisha lifungwapo, na siku moja hukatika. Tahadhari moja tu: plagi ya buluu haina fyuzi ndani yake, kwa hiyo lazima kuwe na swichi ya kujikata upande wa ukutani.

Mahali waya unapokatika pasifungwe kwa utepe na kufukiwa. Kata upande ulioharibika na utie plagi mpya, uwe na waya mfupi lakini mzima. Wala usiunganishe ekstensheni mbili tatu ili zifike mbali, kwa sababu kila maungio ni mahali pa joto na pa maji. Magari yapitapo, waya usilazwe barabarani, maana tairi la lori huponda shaba ndani huku ganda likionekana zima. Upitishwe juu ya nguzo au ndani ya bomba gumu.

Neno kwa wenye jamaa Marekani, kwa kuwa siku hizi ndugu hutuma vyombo nyumbani, na wengine hata huagiza trela nzima. Umeme wa huko ni wa volti 120, nusu ya wetu. Trela yao ya kawaida hupokea ampea 30, na watu wakiona hesabu hiyo hudhani ina nguvu mara mbili ya ile ya ampea 16. Sivyo. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600. Ampea 16 kwa volti 240 ni wati 3,840. Waya wao hupimwa kwa nambari inayokwenda kinyume, ndogo ikiwa ndiyo nene: nambari 10 kwa ampea 30, na nambari 6 kwa ampea 50. Vyombo vya volti 120 vikichomekwa hapa huungua papo hapo. Na la kuogopesha zaidi ni rangi: katika nyumba za Marekani waya mweusi ndio wa moto na mweupe ndio wa kurudishia, hali katika nyumba zetu za zamani mweusi ni wa kurudishia. Fundi asiyejua hilo aweza kufunga moto mahali pa kurudishia. Trela ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, abadilishe nyaya zake kabla ya kutumiwa.

Stima ipoteapo, watu huwasha jenereta, na wako mafundi wa mtaani wanaotengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, ili umeme wa jenereta uingizwe katika soketi ya ukutani. Waya huo usitengenezwe na usikubaliwe hata kwa zawadi. Plagi moja ikiwa imechomekwa, miguu ya plagi ya pili iko wazi na ina umeme kamili. Tena umeme huo hurudi mpaka nguzoni, ukamwue mfanyakazi aliyepanda kutengeneza akiamini kwamba waya umekufa.

Ikiwa mtu amepigwa na umeme katika trela, usimguse, wala usiishike trela. Kimbia ukazime swichi ya ukutani au uchomoe plagi ya ukutani. Usipoweza, simama juu ya kitu kikavu, umsukume mbali kwa fimbo ya mti mkavu. Akiwa hapumui, watu walio karibu waite msaada na mmoja aanze mara moja kukandamiza kifua chake katikati, kwa nguvu na kwa haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima umeme kwanza, kisha tumia mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Kama hatari iko katika nyaya za nje au nguzoni, nambari ya Kenya Power ya kupigiwa bila malipo ni 97771.

Kila siku, wakati wa kufungua kazi, kunjua waya wote na kuutazama kwa macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Chomeka kwanza upande wa trela, vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kisha ndipo uchomeke upande wa ukutani na kuwasha. Nusu saa baada ya kuanza kukaanga, gusa ganda la plagi ya ukutani kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu si neno. Lakini ikiwa mkono hauwezi kukaa juu yake, zima, na utafute sababu: mara nyingi ni skrubu iliyolegea ndani ya plagi, au soketi iliyochakaa isiyoibana miguu. Wakati wa kufunga, anza ukutani: zima, chomoa, ndipo uende kwenye trela. Pangusa matope, kunja waya kwa miduara mikubwa, na uutundike mahali pakavu penye kivuli. Plagi ambayo miguu yake imekuwa myeusi isisuguliwe ikarudishwa kazini. Ikatwe siku hiyohiyo, na mpya ifungwe kabla ya asubuhi.